Chotara Wake wa Kwanza

Marehemu nilimfahamu kwa njia mbaya kuliko zote za kumfahamu mtu: nilimtafsiri. Mtu akisifiwa msibani unaweza kutoka nje ukapunga upepo. Ukimtafsiri huna pa kwenda. Kila sifa lazima ipite mdomoni mwako kwanza, uitafune, uitoe upande wa pili ikiwa nzima. Majira yote ya baridi nilikaa chumbani kwangu Saint-Gilles, Brussels, juu kabisa ya nyumba iliyokatwakatwa vyumba kama mkate, nikimsifu kwa Kiswahili bwana mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa hodari wa kuchanganya maharage.

Kazi yenyewe ilitoka kwenye nyumba ya utamaduni iliyo nyuma ya uwanja wa Flagey, ambako siku moja wanafundisha watu kufinyanga vyungu na siku nyingine wanafundisha watu kupumua. Waliamua kuandaa maonyesho juu ya marehemu, mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuchunguza urithi wa mimea, na kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi yake aliifanyia Burundi, wakataka mabango yawe kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kiswahili. Nikauliza kwa nini si Kirundi. Mkurugenzi wa maonyesho, mama mmoja mwenye miwani ya fremu nene ya kijani, akanijibu kwamba Kiswahili kinajumuisha jamii nzima. Jamii nzima maana yake ni sisi: mimi Mtanzania, Warundi, Wakongo wa Katanga, na mtu mwingine yeyote mweusi aliyewahi kula maharage.

Maisha ya marehemu, kama yalivyopangwa kwenye mabango, yalikuwa hivi. Alizaliwa hapa hapa Brussels, baba yake muuza kofia. Alikuwa mtoto mpole asiyependa michezo. Sijawahi kuona bango la mwanasayansi lenye mtoto mkorofi. Akasoma. Akasikia habari za elimu mpya ya urithi wakati walimu wake bado wanaiona ni mchezo wa watu wenye bustani na muda wa kupoteza, akaishika kwa mikono miwili. Akapelekwa koloni, kwenye kituo cha majaribio ya kilimo juu milimani, na huko akakaa mpaka nywele zikamwisha.

Nikubali kwamba kazi yake ilikuwa ngumu. Ua la haragwe halihitaji mgeni. Linajipa chavua lenyewe kabla hata halijafunguka, kwa hiyo anayetaka kuchanganya aina mbili lazima aliwahi. Marehemu alikuwa anafungua tumba kwa kibanio, anang'oa sehemu zote za kiume, anapaka chavua ya mmea mwingine kwa brashi, kisha analifunika ua kwa mfuko wa kitambaa ili nyuki asije akaingia na mambo yake. Anahasi asubuhi, anaozesha mchana. Baada ya hapo anafunga kwenye shina kibandiko cha bati: mama ni fulani, baba ni fulani. Hakukosa hata mara moja. Bango zima lilihusu jambo hilo, lenye kichwa cha habari kinachosema kwamba katika bustani yake hakuna mmea usiojulikana baba. Nililitafsiri neno kwa neno, nikainuka, nikaenda kunywa maji.

Nilikwenda kunywa maji kwa sababu namfahamu Maman.

Maman, ndivyo sote tunavyomwita ingawa si mama yangu, ni mtu aliyekulia Buyenzi, Bujumbura, mwanamke aliyevuka sabini, anakaa Molenbeek karibu na mfereji. Kwa miaka mingi aliogesha wazee wa Kibelgiji na kuwachoma sindano kwenye nyumba ya wazee. Sasa amestaafu, na nguvu iliyobaki anaitumia kugombana na mwenye duka la dawa. Mama yake alikuwa anachambua mbegu kwenye kile kituo cha milimani. Marehemu ndiye baba. Mkataba ulipokwisha alifungasha maharage yake kwenye makopo, kila kopo na jina lake, akarudi Ulaya. Mama mtu akashuka na mtoto mjini, akaolewa na muuza vitambaa Mwislamu aliyemlea Maman kama wake. Warundi wa rika lake hapa Brussels wote wanajua ni mtoto wa nani, kama wanavyojua msikiti uko mtaa gani.

Aliposikia kuna maonyesho, alinipigia simu.

"Ma fille, mwanangu, wanasema weye ndiye unamuandika."

"Namtafsiri tu, Maman. Wameandika wao."

"Bon. Miye sitaki nyumba yao, sitaki jina yao. Lile jina nililitafuta kwenye maofisi mpaka miguu ikavimba, nikaachana nalo. Nataka paandikwe tu kama kule alizaa. Mustari moja. Niusome na macho yangu, basi."

Hicho ndicho alichotaka, na hakutaka kingine. Mstari mmoja ukutani, mahali ambapo watu watapita na divai mkononi. Niliona ni kitu kidogo, nikamwambia mkurugenzi. Akaniangalia kwa huruma kubwa, akasema hilo ni jambo "nyeti", akaitisha kikao. Wabelgiji hawa, ukiwaomba maji ya kunywa wakayaona ni nyeti, utakufa kiu ukiwa mbele ya meza yenye biskuti.

Tulikaa watu watano. Mkurugenzi na miwani yake. Mjukuu wa marehemu, mwanamke mwembamba mwenye skafu ya hariri, ambaye familia yake ndiyo iliyoazimisha picha na makopo. Tonton, yaani Mjomba, mwenyekiti wa chama cha Warundi, mwalimu mstaafu anayevaa tai hata akienda kutupa taka, ambaye alikuwa anauwinda ukumbi wa nyumba ile kwa sherehe za Idi na kwa hiyo alikuwa anacheka kila mkurugenzi alipopumua. Mimi. Na Maman, aliyealikwa kama "sauti ya jamii", akakalishwa mwisho wa meza.

Nilidhani tutazungumzia mstari. Tukazungumzia neno.

Mkurugenzi alikuwa ameingia kwenye mtandao, akagundua kwamba neno nililotumia kwa mmea uliotokana na aina mbili, chotara, hutumika pia kwa watu. Aliitamka ile habari taratibu huku akimtazama Maman kwa uso wa mtu aliyekanyaga paka. Nikamweleza kwamba kwetu mkulima anakwenda dukani anaomba mbegu chotara ya mahindi, anapewa, anakwenda zake, na hakuna anayelia. Hakuridhika. Alitaka neno lisilomuumiza mtu yeyote.

Tonton akajitolea. Alisimama, akarekebisha tai, akapendekeza "mche wa muungano". Hilo likaonekana la kisiasa mno. Akapendekeza "haragwe la maelewano". Mkurugenzi akaomba atafsiriwe, akafumba macho, akasema ni zuri sana. Mimi nikasema haragwe la maelewano kwa Kiswahili linasikika kama chakula cha kwenye kikao cha kusuluhisha ugomvi wa shamba. Tonton akanuna. Tukaenda kwenye "mmea wenye asili pana", tukarudi, tukapita kwenye "mseto" ambao Tonton alisema atauandika lakini atasikia njaa, na chai ikapoa vikombeni huku sauti ya jamii imekaa kimya mwisho wa meza, mikono juu ya mkoba.

Hatimaye mkurugenzi akamgeukia. "Na wewe, Madame, unajisikiaje kuhusu neno hili?"

Maman anakijua Kifaransa vizuri kuliko sisi sote, amewalisha nacho supu nusu ya wazee wa mji huu. Lakini siku hiyo alijibu kwa Kiswahili, ili nimtafsirie, ili wasikie mara mbili.

"Mumekaa hapa munaficha ile neno ili isiniumize. Miye ile neno nilikula nayo, nililala nayo, nilienda nayo kwa shule. Kuko watoto walikuwa wananiimbia nayo. Alors leo ndiyo munaona haya? Iacheni. Ile neno ni yangu, iandikeni vile munataka. Miye nimeuliza mustari."

Nilitafsiri. Sikuongeza chumvi, ingawa ulimi uliwasha.

Mjukuu akainua kikombe, akanywa kidogo, akakishusha. Akasema familia inaziheshimu sana hisia za Madame, wamezungumza juu yake nyumbani kwa upendo mkubwa, ila haya ni maonyesho ya sayansi, na sayansi, kama babu alivyofundisha, inataka ushahidi.

Sasa, nyuma yake ukutani palikuwa na picha ya babu mwenyewe, imekuzwa kufikia dari. Ameinamia ua, ameshika kibanio, na kidole chake kidogo kimepinda kwa ndani, kimejikunja kuelekea vidole vingine kama kinataka kusikia wanachosema. Mjukuu alishika kikombe chake kwa kidole kidogo kilichopinda hivyo hivyo. Maman naye alikuwa ameshika chake vivyo hivyo. Mimi nilikaa katikati ya vidole vitatu, nikavitazama kimoja kimoja. Kama pale mezani tungekuwa maharage, marehemu angekuwa ameshatufunga vibandiko na kwenda kula.

Tonton alikuwa ameviona, nilimwona akiviona. Akachukua biskuti.

Ndipo mkurugenzi akatoa hukumu yake. Alisema ameguswa. Alisema leo jamii imezungumza na nyumba ya utamaduni imesikiliza. Neno litabaki! Chotara litaandikwa kwenye bango, kwa herufi kubwa, kwa sababu mwenye neno amelidai, na sisi ni nani wa kumnyang'anya? Machozi yalimlenga kwa ushujaa wake mwenyewe. Kuhusu mstari, aliona labda maonyesho mengine, siku za usoni, yenye mada pana zaidi.

Tulitoka nje tukasimama uwanjani Flagey, soko linafungwa, watu wanapakia viazi kwenye magari.

"Nimeomba mukate, wamenipa jina la mukate," alisema Maman.

Nilikasirika. Hasira yangu mimi haina faida kwa mtu. Hainifanyi nipige meza, inanifanya nipige pasi nguo ambazo si zangu. Nilirudi nyumbani nikapiga pasi mpaka mapazia. Halafu nikakaa mbele ya bango la maharage ya kwanza, lile walilolitaka kwa herufi kubwa, nikalisoma upya.

Kifaransa chao kilikuwa kimejipamba. Mtu wa kawaida angeandika kwamba mbegu mpya ilipatikana. Wao, kwa kuwa walimpenda marehemu na walipenda zaidi kalamu zao, waliandika kwamba chotara wa kwanza wa bwana huyu "alizaliwa" kituoni, katika baridi ya milimani. Haragwe lilizaliwa. Haya.

Kiswahili kina tabia moja ambayo wageni huiona ni usumbufu na wenyeji tunaona ni heshima: hakikubali kuchanganya mtu na kitu. Ukitaka haragwe, taja mbegu, na mbegu itapatikana, itapandwa, itaota. Lakini ukisema chotara peke yake, Kiswahili kinamwona mtu, kinamsogezea kiti. Hatasemwa "limezaliwa" wala "imezaliwa". Atasemwa kama wewe na mimi tunavyosemwa. Hiyo si hila yangu, ni sarufi, kila mwalimu wa shule ya msingi Morogoro anaifundisha akiwa na chaki mkononi.

Basi nikatafsiri kwa uaminifu mkubwa, neno kwa neno, kama nilivyoagizwa na kikao:

CHOTARA WAKE WA KWANZA ALIZALIWA KITUONI, KATIKA BARIDI YA MILIMANI.

Niliisoma kwa sauti chumbani peke yangu. Mjukuu angeipitia na kuona haragwe. Mkurugenzi angeona haragwe. Yeyote aliyewahi kununua vitumbua kwa Kiswahili angeona mtoto.

Ilibaki Tonton, kwa sababu yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuhakiki, na Tonton si mjinga hata akicheka kijinga. Nilimpelekea karatasi nyumbani kwake. Alisoma mabango yote akiwa amevaa tai. Alinisahihisha nukta mbili na mkato mmoja, ili nijue nani mwalimu. Alipofika kwenye bango lile akasimama. Akalisoma tena, midomo ikicheza. Nikajua anaupima ukumbi na sherehe za Idi upande mmoja, na vile vidole vitatu upande wa pili.

"Hiki ni Kiswahili sanifu," alisema mwisho.

"Ndiyo, Tonton."

"Donc mimi sina la kusahihisha." Akatia sahihi, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Tangu siku ile nimemsamehe haragwe la maelewano.

Siku ya ufunguzi kulikuwa na divai, juisi ya tangawizi kwa ajili ya jamii, na maharage madogo madogo kwenye vijiko vya udongo ambayo mpishi wao aliyatia mnanaa, Mungu amsamehe. Mjukuu alisoma hotuba juu ya babu aliyeyatoa maisha yake yote kwa mimea na hakubakiza kitu kwa ajili yake mwenyewe. Watu walipiga makofi. Mimi nilikwenda kumpokea Maman mlangoni. Alikuwa amevaa vizuri, kitenge cha zambarau na koti zito juu yake, na alikuwa ameshakata tamaa. Alikuja kwa sababu nilimsihi, na kwa sababu Maman hakosi kwenda mahali alikotukanwa, anapenda kuhakikisha.

Sikumwambia kitu. Nilimpeleka mpaka mbele ya bango, nikasimama pembeni.

Alitoa miwani kwenye mkoba, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akavaa. Akasoma. Nyuma yetu Warundi wawili watatu walikuwa wameshasoma kabla yake, walikuwa wanangoja. Mmoja akasema "Eh!" taratibu. Mkurugenzi alituona tumesimama pale kundi zima, tumetekwa na haragwe, akafurahi sana, akatupiga picha.

Nilijisikia vizuri. Nitasema ukweli, nilijisikia mwerevu kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Nilingoja Maman anigeukie anikumbatie.

"Umekosea," alisema.

"Nimekosea wapi, Maman?"

Akanyoosha kidole, kile kilichopinda, akakiweka kwenye neno. "Hapa. Umeandika alizaliwa."

Nikaanza kumweleza sarufi, kwamba ni makusudi, kwamba chotara ni mtu na kwa hiyo ngeli yake. Aliniacha nikafika katikati, akanikata.

"Ngeli zako ninaziona. Nakwambia hakuzaliwa peke yake. Kabla yangu kulikuwa na kaka yangu. Masista walikuja na gari, wakasema wanachukua watoto wa wazungu, wanaenda kuwasomesha. Yeye alikuwa anatembea, wakamwona. Miye nilikuwa kwa mugongo ya mama, chini ya kitambaa. Hakurudi. Mama alitukataza kumutaja nyumbani, kwa sababu akisikia jina anaacha kupika, anaenda kukaa nje."

Katika miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kunitajia kaka. Na hata siku ile kwenye simu, nilipokumbuka vizuri, hakusema mtoto. Alisema alizaa. Hesabu ya mtoto mmoja niliifanya mimi, na ikanitosha.

"Nitawaambia wachape lingine," nilisema.

"Hawatachapa. Watafanya kikao. Nipe bic."

Nilimpa kalamu. Akakaribia ukuta mpaka pua ikagusa bango. Palikuwa na nafasi finyu mbele ya neno, finyu sana, lakini mwanamke huyu amechoma sindano kwenye mishipa isiyoonekana. Akaandika herufi moja, W, iliyolala kidogo, akaikandamiza na kuirudia mpaka ikawa nyeusi kama zile za mashine. Hapakuhitajika kingine. Chotara wake wa kwanza walizaliwa kituoni, katika baridi ya milimani. Kila kitu kingine kwenye sentensi kilikuwa tayari kwa watu wawili, kilikuwa kinawangoja.

Mkurugenzi alikuja mbio, glasi mkononi, mjukuu nyuma yake. Bango lilikuwa jipya, la bei, na bibi mzee amelichora. Alijaribu kutabasamu. Aliuliza kwa Kifaransa, akinitazama mimi, kulikuwa na tatizo gani.

Nilifungua mdomo nitafsiri. Maman akaweka mkono kifuani kwangu, akafunga bic, akamjibu mwenyewe, kwa Kifaransa kile safi cha kuwalisha wazee supu, akimtazama mjukuu na si mkurugenzi.

"Kosa la sarufi, madame. Tulikuwa wawili."